Uzi: Aliyeasiliwa Marekani, faili limefungwa. Aanzie mahakamani, ofisi ya vizazi au kwenye DNA?

#1 Karani wa Zamani

Wakuu, heshima kwenu.

Naweka dai mezani, mwenye pingamizi alete. Mtu aliasiliwa Marekani akiwa mchanga, leo ni mtu mzima na anatafuta waliomzaa. Ushauri wa kwanza anaopewa ni "nenda mahakamani ukaombe faili lifunguliwe". Mimi nasema huo ni mlango wa mwisho. Watu wanadhani kuna faili moja. Yako matatu, na kila moja lina mwenye funguo wake:

1. Cheti cha kuzaliwa cha awali. Kiko ofisi ya usajili wa vizazi ya jimbo ALIKOZALIWA.
2. Faili la kesi ya kuasili. Liko mahakama ya kaunti ilikotolewa hukumu, na mara nyingi si kaunti aliyozaliwa.
3. Faili la wakala, yaani shirika lililomkabidhi mtoto. Humo kuna mahojiano ya mama, habari za afya, wakati mwingine hata barua.

La kwanza, kwa majimbo mengi siku hizi, unajaza fomu na kulipa ada. La tatu unaandika barua, unapewa taarifa zisizotaja majina: umri wa wazazi, dini, elimu, kazi ya babu, mama alikuwa na ndugu wangapi. Kwa majimbo hayo, lenye kuhitaji jaji ni la pili tu. Sasa kwa nini mtu aanze na gumu?

Na kabla ya yote matatu, kabati la nyumbani. Wazazi walezi wengi walipewa nakala ya hukumu, na hukumu za zamani mara nyingi zinataja jina la mtoto kabla ya kubadilishwa. Hata pale panaposomeka "Mtoto wa Kike" na jina la ukoo, hilo jina la ukoo kwa kawaida ni la mama.

#2 Nasaba

Karani, nakuunga mkono nusu. Mahakama iwe mwisho, sawa. Lakini hata cheti si mwanzo. Mwanzo ni mate, yaani kipimo cha DNA.

Cheti kinakupa kilichoandikwa tu. Mama asiyeolewa miaka ya 1950 na 1960, jina la baba kwa kawaida halikuandikwa, na mara nyingine mama mwenyewe alitoa jina lisilo lake. Mtu anasubiri cheti miezi, kinakuja na jina la mtu asiyekuwepo.

Utaratibu: pima kampuni ya Ancestry kwanza, kwa sababu mbili. Hifadhi yao ndiyo kubwa kuliko zote, na hawapokei data iliyopimwa kwingine, kwa hiyo huwezi kuingia humo ila kwa kipimo chao. Majibu yakitoka, pakua data ghafi uipeleke FamilyTreeDNA (kampuni nyingine ya vipimo) na GEDmatch (tovuti ya kulinganisha data), ambao wanapokea. Kwenye mipangilio hakikisha orodha ya wanaolingana imewashwa. Wapo wanaoizima bila kujua, kisha wanalalamika hawana ndugu. Nusu saa kabla ya kutema mate usile, usinywe, usivute sigara, usitafune bigijii.

#3 Bundi Mchana

Nipo siti ya mbele. Naomba wajuzi waweke majimbo, maana Marekani si nchi moja kwenye haya mambo.

#4 WakiliPori

@Bundi Mchana, haya, kwa ufupi. Ni upande wa cheti cha awali tu, usichanganye na faili la mahakama.

Kansas na Alaska hazikuwahi kumfungia mtu mzima cheti chake. Oregon walipiga kura ya wananchi 1998 kuvifungua, wapinzani wakakimbilia mahakamani, ikaanza kutumika 2000. Alabama 2000. New Hampshire 2005. Maine 2009. New York 15 Januari 2020. Connecticut 2021. Vermont na South Dakota 2023. Minnesota 1 Julai 2024. Georgia Julai 2025. Si wote hao, nimetaja wa kuonyesha mwendo.

Kisha kuna wenye masharti. Ohio waligawa watu kwa tarehe: walioasiliwa kabla ya 1964 walikuwa na haki tangu zamani, wa kuanzia 1 Januari 1964 hadi 18 Septemba 1996 wakasubiri mpaka 20 Machi 2015. Illinois anapata, lakini mzazi anaweza kuomba jina lake lifutwe kwenye nakala. Arizona ndiyo kali: tangu 2022 anapata aliyezaliwa kabla ya 20 Juni 1968, au kuanzia 29 Septemba 2021. Wa katikati wote, nendeni kwa jaji.

California na Florida bado mlango umebanwa. Texas vilevile, ila ina kimlango cha uani: ukishajua majina ya wazazi wote walioandikwa kwenye cheti cha awali, unaweza kupewa nakala isiyo rasmi bila amri ya mahakama.

#5 Kinyonga

Yaani Texas wanakupa jibu ukishalijua. Na Arizona, wa katikati walikosea kuzaliwa? Nacheka kama mazuri.

#6 Nasaba

@Kinyonga cheka, lakini hicho kimlango cha Texas ndicho kinachothibitisha hoja yangu ya #2. DNA inakupa majina, majina yanakupa cheti. Kama baba hakuandikwa, jina la mama peke yake linatosha.

#7 Shangazi Mkali

WakiliPori, mwanangu, orodha nzuri, naongeza vitu viwili usiwapoteze watu.

Kwanza, rudieni neno la Karani: jimbo la KUZALIWA. Mtu kazaliwa Texas, kaasiliwa New York. Anasikia New York wamefungua, anajaza fomu, anarudishiwa. New York hawana cheti chake, kiko Texas. Na aliyezaliwa ndani ya jiji la New York anaomba idara ya afya ya jiji, aliyezaliwa nje ya jiji anaomba ya jimbo. Fomu ikienda dirisha lisilo lake, inakaa.

Pili, angalieni kama waombaji ni pamoja na watoto na wajukuu. New York, aliyeasiliwa akifa, kizazi chake cha moja kwa moja kinaweza kuomba. Si kila jimbo liko hivyo.

New Jersey nayo usiisahau: ilifunguka 1 Januari 2017, lakini wazazi walikuwa wamepewa mpaka 31 Desemba 2016 kuomba majina yao yafutwe. Kwa hiyo cheti kinaweza kuja kimepigwa rangi nyeusi penye jina.

#8 Kinyonga

Asante shangazi. Swali la pembeni: nani aliyeamua kufunga, na kwa nini? Nasikia ni kumficha mama.

#9 WakiliPori

Hapo watu wengi wameingia chaka. Sheria ya Minnesota ya 1917 ndiyo hutajwa kama ya kwanza kufunga mafaili ya mahakama, lakini iliyafungia macho ya nje: majirani, magazeti. Wahusika wenyewe waliweza kuyaona. Miaka ya 1930 vikaja vyeti vilivyorekebishwa, vyenye majina ya wazazi walezi, ili mtoto asibebe neno "haramu" kila anapoandikishwa shule. Kumfungia aliyeasiliwa mwenyewe kulikuja baadaye, jimbo baada ya jimbo.

Kwa hiyo chanzo ni aibu ya cheti. Aliyelindwa ni mtoto.

#10 Shangazi Mkali

Nusu ya kweli. Mbona walipomlinda mtoto na neno haramu hawakuishia hapo? Waliolindwa ni wazazi walezi. Hofu ilikuwa mama atarudi kugonga mlango. Soma utetezi wa enzi hizo, unakuta familia mpya ijengwe kana kwamba mtoto kazaliwa humo.

#11 Mzamiaji

Mmewasahau mawakala. Memphis, mwanamke aitwaye Georgia Tann aliendesha tawi la Tennessee Children's Home Society mpaka 1950. Watoto walichukuliwa kwa hila, kumbukumbu zikaghushiwa, wakauzwa majimbo ya mbali. Faili lililofungwa ni pazia zuri kwa mwenye kughushi. Sisemi sheria ilitungwa kwa ajili yake, nasema iliwafaa sana watu wa aina yake.

#12 Karani wa Zamani

Kuna pingamizi jingine dhidi ya "kumficha mama" ambalo halijajibiwa. Cheti hakifungwi siku mama anaposaini kumtoa mtoto. Kinafungwa siku mtoto anapoasiliwa. Mtoto aliyetolewa akakulia kwenye kituo bila kuasiliwa anabaki na cheti kile kile chenye jina la mama, na anakitumia maisha yake yote. Kama sheria ilimwahidi mama siri, mbona ahadi inategemea mtoto kupata familia au kukosa?

#13 Mama Hekaya

Karani, hoja yako ya kisheria imenyooka, lakini mama hakuongea na sheria. Aliongea na mfanyakazi wa ustawi, akaambiwa kwa mdomo "hakuna atakayejua". Wapo waliolala na neno hilo miaka hamsini. Huwezi kuwaambia leo kwamba halikuwa kwenye fomu.

#14 WakiliPori

Na ndiyo hoja waliyoipeleka mahakamani akina mama wa Oregon na wa Tennessee. Walishindwa kote. Tennessee kesi ya Doe dhidi ya Sundquist: mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa 1997, mahakama kuu ya jimbo ikakataa 1999. Sheria ikabaki na utaratibu wa mzazi kuzuia kutafutwa, lakini si kuzuia faili.

#15 Mama Hekaya

Kushindwa mahakamani si sawa na kutoahidiwa. Naishia hapo.

#16 Bundi Mchana

Jamani uzi unahama. Turudi kwenye kutafuta. Mtu kapima, kaona jina lenye sentimorgani 1,790 (kipimo cha DNA mnayochangia). Huyo ni ndugu wa mzazi mmoja, sivyo?

#17 Hesabu Ndogo

Sivyo moja kwa moja, mkuu. 1,790 ni kundi: ndugu wa mzazi mmoja, babu au bibi, mjomba au shangazi kamili, na kinyume chake, yaani mjukuu au mpwa. Wote wanaangukia karibu na 1,750. Unawatenganisha hivi:

Umri. Tofauti ya miaka 50, ndugu anaondoka kwenye meza. Tofauti ya miaka 15, babu anaondoka. Shangazi anabaki kwenye karibu kila hali, ndiye msumbufu.

Kromosomu X. Mwanaume anapata X kwa mama peke yake. Wanaume wawili waliochangia baba tu hawawezi kulingana kwenye X kwa njia ya baba. Ancestry hawaonyeshi X, ndiyo maana Nasaba alisema mpeleke data GEDmatch.

Wanaolingana na nyote wawili. Ndugu wa mama mmoja mtalingana na watu wa upande wa mama tu. Akiwa mpwa wako kamili, utamkuta analingana na pande zako zote mbili.

Wastani wa wengine, kwa takwimu zilizokusanywa na mradi wa Blaine Bettinger, mtaalamu wa nasaba kwa DNA: binamu wa kwanza 866, kati ya 396 na 1,397. Binamu wa pili, ambaye mnakutana kwa wazazi wa babu au bibi, 229, kati ya 41 na 592. Ona mapana yake. Anayekwambia "230 ni binamu wa pili" amekariri. Anaweza kuwa mjukuu wa binamu wako wa kwanza, anaweza kuwa mtoto wa binamu wa nusu, yaani binamu ambaye mzazi wake na mzazi wako ni ndugu wa mzazi mmoja.

#18 Mzamiaji

Na 3,400? Mtu kaniambia inaweza kuwa mzazi au ndugu wa baba na mama.

#19 Hesabu Ndogo

Ndugu kamili wastani wake 2,600, lakini anaweza kupanda. Kinachowatofautisha si jumla. Mzazi analingana nawe kromosomu zote mwanzo hadi mwisho, upande mmoja. Ndugu kamili ana mapengo, na karibu robo ya sehemu mnalingana pande ZOTE mbili. GEDmatch wanaipaka kijani. Ukiona kijani kirefu, si mzazi.

Tahadhari moja adimu: pacha wa kufanana wa baba yako atasomeka kama baba. Nyingine: aliyepandikizwa uboho asipime kwa mate, majibu yanaweza kuwa ya aliyemchangia.

#20 Kinyonga

Na asiye na ndugu wa karibu kwenye orodha? Wengi wanaanzia 150 kushuka.

#21 Nasaba

Hapo kazi ndipo ilipo. Tumia rangi za Dana Leeds, mtafiti wa nasaba, mbinu ya 2018. Chukua wote wenye sentimorgani kati ya 90 na 400. Wa kwanza mpe rangi. Kila aliye kwenye orodha ya pamoja naye, rangi hiyo hiyo. Anayefuata asiye na rangi, mpe mpya, endelea. Ikikaa vizuri unabaki na safu nne: babu na bibi wanne.

Kisha kila safu ijengee miti ya ukoo, mpaka upate wenza wanaojirudia kwenye miti miwili mitatu. Hao ndio mababu wa pamoja. Halafu unashuka: watoto wao wote, wajukuu wote, na unatafuta mahali ambapo mtu wa safu A alioana au alikutana na mtu wa safu B, katika mji sahihi, miezi tisa kabla ya kuzaliwa. Kushuka ndiko kunakochosha. Matangazo ya vifo kwenye magazeti ya Marekani ndiyo dhahabu yenyewe, yanataja wafiwa wote, mabinti na majina ya waume zao, na mji wanakoishi. Sensa ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, kwa hiyo mama aliyekuwa mtoto wakati ule utamkuta nyumbani kwao pamoja na ndugu zake. Hapo zile taarifa zisizotaja majina za Karani #1 zinapata kazi: "baba wa mama ni fundi bomba, mama ni wa tatu kati ya watoto watano". Unapita kaya kwa kaya.

Makosa ya kawaida: safu zikitoka mbili tu, upande mmoja haujapima, mara nyingi wahamiaji wa karibuni. Safu zikigoma kutengana, kila mtu analingana na kila mtu, hao ni watu waliooana ndani kwa ndani vizazi vingi: Wayahudi wa Ashkenazi (wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki), Waakadia (wazao wa Wafaransa wa mashariki ya Kanada), watu wa visiwani. Sentimorgani zao zimevimba. Binamu wa sentimorgani 120 huko anaweza kuwa wa mbali kuliko unavyodhani, maana vipande ni vingi na vidogo. Angalia urefu wa kipande kikubwa zaidi badala ya jumla.

#22 Shangazi Mkali

Na Wamarekani Weusi umewaacha. Mti unapanda vizuri mpaka sensa ya 1870, ambayo ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wote waliotoka utumwani. Juu ya hapo unasoma orodha za mali na wosia za waliowamiliki. Na usitarajie jina la ukoo kufuata Y, kromosomu ambayo baba humpa mwana wa kiume, kwa vizazi vingi.

#23 Mzamiaji

Hapo kwenye Y umenikumbusha. Kipimo cha Y cha FamilyTreeDNA kwa mwanaume kinatoa jina la ukoo la baba. Kwa nini msianze nacho?

#24 Nasaba

Kwa sababu kinatoa jina la ukoo LABDA. Inahitaji mwanaume wa ukoo huo awe amepima kampuni hiyo hiyo, na kusiwe na mtoto wa kuasiliwa au wa nje ya ndoa katikati ya mstari. Ukipata watano wenye jina moja na wanalingana kwa karibu, ni dokezo kubwa. Ukipata majina tisa tofauti, umejifunza kidogo sana. Ni cha pili, na wanawake hawana Y.

#25 Karani wa Zamani

Nasaba anaendesha gari zuri, lakini narudi kwenye karatasi. Kwa waliozaliwa jiji la New York, namba ya cheti kilichorekebishwa ni ile ile ya cheti cha awali. Kabla ya 2020 watu walikaa maktaba na vitabu vya faharasa ya vizazi vya jiji, wakapita mwaka mzima wakitafuta namba yao. Ikionekana, jina la awali liko pembeni yake. Hakuna mate, hakuna jaji.

Na mahakamani, kwa wale wa California na Florida wasio na namna, msiende na "nataka kujua nilikotoka". Kigezo ni sababu ya msingi, na majaji wanaitafsiri kila mtu kivyake. Barua ya daktari iseme ni ugonjwa gani, ni taarifa gani ya familia inayokosekana, na matibabu yatabadilikaje ikipatikana. "Ingefaa kujua historia ya familia" inatupwa. Kwenye ombi hilo hilo weka ombi mbadala: kama jaji hataki kukupa majina, alisome faili mwenyewe faragha na kutoa yasiyotaja majina, au ateue mpatanishi wa siri amtafute mzazi na kumuuliza. Anayeomba kimoja tu hukataliwa kimoja tu, na mlango umefungwa.

#26 Nasaba

Na wale ambao hakuna faili kabisa? McCaysville, Georgia, kliniki ya daktari Hicks, miaka ya 1950 na 1960. Takriban watoto 200 walitolewa mlango wa nyuma, vyeti vikaandikwa moja kwa moja majina ya walionunua. Hakuna cheti cha awali cha kufungua. Jaji hata akikubali, anafungua hewa. Hapo ni DNA au basi.

#27 Karani wa Zamani

Hao ni wa pekee, usijenge kanuni juu yao.

#28 Nasaba

Si wa pekee kama unavyodhani, ila nakuachia.

#29 Mama Hekaya

Mnaongea kana kwamba anayetafuta ni mtoto tu. Mama aliyemtoa mtoto ana nini mkononi?

#30 WakiliPori

Kidogo sana, mama. Kwa kawaida hana haki ya cheti kipya chenye jina jipya la mtoto. Ajiandikishe kwenye rejesta ya ridhaa ya jimbo, zinahitaji pande zote mbili ziwe zimejiandikisha. Ajiandikishe pia ISRR, rejesta huru ya tangu 1975, haitozi. Tatizo la rejesta zote ni moja: mmoja hajui ipo. La pili ni tarehe. Akumbuke kama tarehe aliyopewa ni sahihi, maana mfumo unalinganisha tarehe na mahali, na siku moja ikipishana hamkutani. Na apime DNA. Mtoto akipima kampuni hiyo hiyo siku yoyote, mama ataonekana juu kabisa.

Uingereza wako mbele hapa: tangu 30 Desemba 2005 ndugu wa damu anaweza kutumia wakala mpatanishi aliyesajiliwa.

#31 Mzamiaji

Uingereza utaratibu ukoje kwa aliyeasiliwa?

#32 Shangazi Mkali

England na Wales: kuanzia miaka 18 anaomba ofisi kuu ya usajili taarifa za cheti cha kuzaliwa. Aliyeasiliwa kabla ya 12 Novemba 1975 lazima akutane na mshauri kwanza, maana mama zao walisaini enzi ambazo sheria haikutoa njia. Aliyeasiliwa kuanzia 30 Desemba 2005 anapitia wakala wa kuasili. Uskoti walishatoa haki hii tangu sheria ya 1930, leo ni miaka 16. Ayalandi ndio wamefungua Oktoba 2022.

Ukishakuwa na jina la mama, faharasa za vizazi za England na Wales tangu robo ya Julai hadi Septemba 1911 zinaonyesha jina la mama la usichana. Tafuta ndoa yake kwanza, upate jina la mume, kisha tafuta vizazi vyenye ukoo wa mume na usichana wa mama. Hao ni ndugu zako wa mama mmoja, bila kipimo chochote. Jina la usichana la kawaida kama Smith litakutesa. La nadra, jioni moja.

#33 Kinyonga

Wakishapatikana je? Natuma ujumbe Facebook?

#34 Mama Hekaya

Hapana. Ujumbe wa mtu asiye rafiki unaangukia kikapu cha pembeni, unaweza kukaa mwaka. Na usimwandikie binamu kabla ya mama. Binamu atamwuliza mama yake, mama yake atampigia dada yake, na siri ya mtu imefika sebuleni kabla yake.

Barua. Ukurasa mmoja. Bahasha ya kawaida, anwani kwa mkono, bila nembo wala neno lolote la kuasili nje. Ndani: jina lako, tarehe na mahali ulipozaliwa, kwamba unaamini mnahusiana, kwamba huhitaji pesa, njia mbili za kukujibu. Picha moja ikibidi. Usiweke mti wa ukoo, usiweke maswali ishirini.

#35 WakiliPori

Naongeza: itume kwa posta ya kusaini, ujue imefika.

#36 Mama Hekaya

Nakataa kabisa. Anayesaini anaweza kuwa mume ambaye hajawahi kuambiwa. Mume atauliza ni nini hiyo. Posta ya kawaida.

#37 WakiliPori

Na ikipotea? Unakaa mwaka ukidhani umekataliwa, kumbe barua iko kwa mpangaji wa zamani. Mimi bado niko kwenye kusaini, labda kwa barua ya pili.

#38 Hesabu Ndogo

Kabla ya barua hakikisheni ni yeye. Kesi ya kila siku: DNA imefika kwa ndugu wawili wa kiume, mmoja ndiye baba. Msiandikie wote. Mtafute mtoto wa mmoja wao apime. Akija karibu na 1,750, baba yenu ni mmoja. Akija karibu na 870, ni binamu, baba ni yule mwingine. Haya mawili hayaingiliani sana lakini yanaingiliana kati ya 1,160 na 1,397, ukiangukia hapo ongeza mtoto wa upande wa pili.

#39 Bundi Mchana

Wazee ambao mate hayatoki, mfano shangazi wa miaka 90 anayekubali kupima?

#40 Nasaba

FamilyTreeDNA na MyHeritage wanatumia usufi wa shavuni, si mate. Kwa mzee anza na huo. Na mfanye haraka, usisubiri faili la mtu yeyote. FamilyTreeDNA huhifadhi sampuli, unaweza kuagiza kipimo kingine baadaye hata kama mwenyewe hayupo, ilimradi alitoa ridhaa na kumtaja atakayesimamia akaunti.